Mwandikie Orpa kabla hujajua majibu

Rubondo, Nakivale,
Wilaya ya Isingiro, Uganda.
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Apolline,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote wawili. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari wa hapo kambini Nyarugusu amekukataza kubeba maji, nami nakujua, bado unabeba. Na macho je? Nimeandika herufi kubwa makusudi ili usimpe mtu mwingine akusomee. Tafadhali, barua hii ni ya macho yako peke yako.

Sisi tu wazima. Mvua imenyesha vizuri, maharage yametoa maua, na mahindi ya kule kilimani yamenipita kimo. Orpa amefikisha kuku wanane. Mmoja mweusi ameamua kutagia juu ya kitanda chetu, na mke wangu anamtetea, kwa hiyo ninayehamishwa ni mimi.

Anayekuletea bahasha hii ni Bienvenu, fundi baiskeli, yule ambaye mama yake mliuza naye samaki kule Baraka, nyumbani Kongo. Anakuja huko kwenye harusi ya dada yake. Ningekupigia simu, lakini simu yako, Shangazi, huongea mbele ya foleni nzima ya maji. Ukishaweka sauti kubwa, majirani wote wananisalimu. Jambo hili sikutaka lisikike bombani.

Huu ni mwaka wa saba tangu nimuoe Orpa. Ulituma mizizi ya kuchemsha, akainywa mpaka midomo ikabadilika rangi. Uliagiza maombi ya siku ishirini na moja, akafunga zote. Mwaka jana ukaniandikia habari za binti wa jirani yako, kwamba ni mpole na kwao wanazaa sana. Sikukujibu. Leo nakujibu.

Mwezi wa tisa tulikwenda Mbarara, kwenye kliniki ya uzazi. Orpa alipimwa damu, akapigwa picha ya mirija, wakaona iko wazi na hana kasoro. Kisha daktari akanigeukia mimi. Sikutegemea, Shangazi. Nilikuwa nimekwenda kama msindikizaji, nimeshika mkoba wa mke wangu. Nikapewa kikopo chenye mfuniko.

Wewe ndiwe uliyenikalisha kitako kabla ya harusi ukanifundisha mambo ya ndoa bila kupepesa macho, kwa hiyo nitasema kama daktari alivyosema. Mbegu zangu ni chache, na nyingi kati ya hizo chache zinakwenda polepole mno. Hazifiki. Wakanipima mara ya pili ili kuhakikisha, ikawa vilevile. Tatizo ni langu. Halikuwa la Orpa hata siku moja.

Orpa aliikunja karatasi ya majibu, akaiweka ndani ya Biblia yake, na hakumwambia mtu. Mwezi wa kumi na mbili kanisani kulikuwa na mtoto wa kubarikiwa. Orpa alinyoosha mikono ampokee, mama mmoja akamwomba asogee kando, mtoto abebwe na mwenye kizazi. Akasogea. Mimi nilikuwa benchi la tatu, ninajua kilichomo ndani ya ile Biblia, na sikufungua mdomo.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini hasemi ukweli. Alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua uso. Akanijibu, "Miye nilishazoea. Weye itakuvunja." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nimekuwa nikitafuta ujasiri wa kukuandikia barua hii tangu siku hiyo.

Sasa nikueleze tunachofanyiwa, maana najua utasikia mambo ya ajabu. Hata mimi nilikosea. Unajua ninachunga na kukamua kwa tajiri mmoja huko Rugaaga siku za kiangazi. Pale ng'ombe akiwa na joto, anaitwa mtu wa mifugo. Anakuja na mtungi unaotoa moshi wa baridi, anavaa glavu mpaka begani, anaingiza mbegu za dume ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona. Basi muuguzi wetu, mama mmoja wa Kakiika aitwaye Kantengwa, aliposema mbegu zitawekwa kwa mrija, mimi niliona mtungi ule. Nikajua wanaleta mbegu za mwanamume mwingine. Nikachukua kofia yangu nikatoka, nikarudi Nakivale peke yangu, nikamwacha Orpa na mkoba wake.

Nilinuna wiki tatu. Mwishowe Orpa alinirudisha kule, na Kantengwa alicheka mpaka akakaa chini. "Hapana, sebo," akaniambia, yaani bwana. "Hii iko yako. Sisi naosha tu." Na kweli kikopo kinaandikwa jina langu, mimi nalisoma, natia sahihi, na kabla ya kumwekea Orpa wanasoma tena jina hilo mbele yetu wote. Ukoo hauchanganyiki, Shangazi, kama hilo ndilo litakalokukosesha raha.

Wanaziosha hizo mbegu kwenye maabara, wanazichagua zenye nguvu, zilizochoka zinaachwa. Orpa kwa upande wake hunywa vidonge siku tano ili yai likomae, wanalitazama kwa mashine limefikia ukubwa gani, kisha anachomwa sindano ya kulifanya litoke lenyewe. Baada ya siku moja na nusu, mbegu zile zenye nguvu zinapitishwa kwa mrija mwembamba kama njiti ya ufagio mpaka ndani ya mji wa mimba. Hakuna kisu wala kulala hospitali. Ni dakika chache, halafu anapumzika kidogo na kwenda zake. Zinafupishiwa safari tu, mengine yanabaki kwao na kwa Mungu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu. Kliniki wana chumba kidogo cha wanaume, na upande wa pili wa ukuta kuna redio ya mlinzi. Siku ile redio ilikuwa na mahubiri juu ya usafi wa moyo. Nilikaa humo muda mrefu mpaka wakagonga mlango kuuliza kama mimi ni mzima. Nilifanikiwa, lakini mwezi ule mimba haikushika. Orpa alilia siku moja, siku ya pili akaenda kupalilia.

Kwa mara ya pili Kantengwa akanionea huruma. Akasema naweza kuzitolea mbegu nyumbani, mradi zifike kliniki kabla ya saa moja kupita, na zisipoe. Kwa hiyo Jumatatu tulifikia Ruti, nje kidogo ya Mbarara, kwa Jocelyne, rafiki wa Orpa, na Jumanne asubuhi nikakibana kikopo kwapani ndani ya koti, tukapanda pikipiki moja, dereva, mimi na Orpa. Kabla hatujafika mjini, polisi akatusimamisha kwa wingi wetu. Akaona mkono wangu umebana.

"Wewe ya katikati, nini iko ndani ya koti? Toa."

Nikasema, "Afande, ni kitu ya hospitali. Haitaki baridi."

Hakuridhika. Ndipo Orpa, ambaye kanisani hasemi neno, akachungulia nyuma ya bega langu. "Afande, huyo ni mutoto yetu. Tukikawia, atakufa."

Polisi alimtazama Orpa, akalitazama kwapa langu, akavua kofia. "Enda," akasema. "Lakini enda pole pole." Tulifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Orpa alicheka mpaka kitandani kwa Kantengwa, wakamwambia atulie kwanza.

Hiyo ni Jumanne iliyopita. Majibu ni Jumanne ya tarehe ishirini. Daktari hakutudanganya: kati ya wanawake kumi wanaofanyiwa mwezi mmoja, wanaoshika ni mmoja, pengine wawili. Tunaweza kujaribu tena mara moja au mbili, kisha tutakaa chini tufikiri. Kuhusu gharama usihangaike. Nami nakuambia kweli, sijawahi kuwa na amani nyumbani kama mwaka huu. Tunasubiri pamoja. Zamani Orpa alikuwa anasubiri peke yake.

Kuhusu yule binti wa jirani yako, mtakie mume mwema. Hata ningemchukua, angekunywa mizizi ileile miaka mingine saba.

Msalimu sana dada Jeannette na watoto wake, mwambie kitambaa alichotuma Orpa amekishona na kinampendeza. Msalimu Mzee Muhirwa na wote wa kwaya. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri, na goti lako liache kukusumbua, nawe uache kulisumbua goti.

Limebaki ombi moja. Ulinilea wewe, kwa hiyo naomba bila kuogopa. Barua zako zote nimezihifadhi. Nimezisoma tena wiki hii, na katika zote unaandika "wasalimie wa nyumbani." Jina la Orpa halimo hata mara moja. Yeye ndiye anayenisomea zikifika, na akifika hapo hupunguza sauti kidogo.

Bienvenu ataanza safari ya kurudi huku Jumapili, siku mbili kabla ya majibu, na atapita kwako kuchukua barua. Mwandikie Orpa, si mimi. Ukingoja Jumanne, utakuwa umemwandikia mama wa mjukuu wako au umempa pole mgumba, na hiyo si barua ninayoitaka. Mwandikie sasa, wakati hakuna ajuaye, na anza na jina lake.

Wako akupendaye, uliyemfunga mgongoni kwa kitenge,

Grégoire