Tundu ya Miguu

Papa Rashidi ametoa ile tôle, ile bati! Yeye mwenyewe, na nyundo yake, jana kisha chakula ya muchana. Tundu yetu iko wazi tena, na miguu ya mutoto yangu inaonekana mpaka kwako!

Bon. Sasa ninakusalimia, yaya Asina, jirani na dada yangu. Usinichambue, unajua mudomo yangu inatangulia salamu.

Unakumbuka namna ilianza. Corona ilifunga masomo, redio ilisema kila mutu abaki kwake, na Furaha wangu, miaka kumi, alikuwa anaruka nzango, ule muchezo ya miguu, peke yake tangu asubuhi. Lakini nzango inaomba mutu mbele yako: munaimba, munapiga makofi, munaruka, kila mutu anatoa muguu, na miguu njo inaamua nani ameshinda. Yeye aliweka ndoo mbele yake. Alikuwa anaishinda kila siku.

Wewe ukapaza sauti ngambo ya matete: "Mama Furaha, huyo mutoto wako anatwanga nini, mihogo ao udongo?" Ukaleta kisu ya pondu, ya kukatia majani ya mihogo, ukakata matete ya lupango, ule ukuta kati yetu, chini, toka udongo mpaka magoti. "Miguu haikohoi," ulisema. Ukatia mustari ya majivu upande yako, mimi upande yangu, mutu asikaribie. Ukaruka na Furaha, kisha na mimi. Na bwana yako, Papa Rashidi, akalala tumbo kwa mukeka, shavu kwa udongo, arbitre, mwamuzi yetu! Aliiba, yaya. Kila point ya mashaka ilikuwa ya bibi yake. "Nimeona." Ameona nini, na ile miwani? Avenue muzima, njia yetu yote, ikatuiga, kila lupango ikakatwa chini. Kuku njo zilifurahi zaidi.

Watu wakiniuliza nani alitoboa wa kwanza, ninasema Furaha. Usikasirike. Wewe unajua, mimi najua. Lakini na akili ya mutoto yangu, si uongo mingi.

Kisha tension, ile presha ya damu, ikakubeba kaburini, wakati kila kitu ilishafunguka, soko, masomo, misikiti. Papa Rashidi akachukua tôle ya nyumba ya kuku, akaipigilia kwa tundu. Hakugombana na mutu. Alisema tu: "Ninaona miguu, ninatafuta yako." Yako wewe, yaya. Mimi, na mudomo yote hii, nikaenda kukaanga samaki. Miaka mbili sahani yangu ya samaki ilienda kwake, ikarudi tupu, imeoshwa vizuri.

Alafu juma hii Furaha, sasa ananipita urefu, na kwa masomo yake hakuna wa kumushinda nzango, uliza wote, akasimama mbele ya ile tôle na kuanza kuruka. Anaimba, anapiga makofi, anatoa muguu. Kwa tôle! "Acha," nilimwambia, "utasumbua tonton Rashidi." Hakuacha. Siku nne akaruka na tôle tu. Siku ya tano, ngambo ile, makofi. Mabaya, yaya, mabaya kabisa, kama mutu anafukuza inzi! Kisha sauti yake: "Furaha, umetoa muguu gani? Mie sioni kitu."

Na mutoto yangu akajibu: "Basi tonton, toa tôle."

Niliacha muchele kwa lungo, nikabaki nasikia misumari ikitoka moja moja. Aliitia yote katika kopo. Sijui anaiwekea nini, na simuulizi. Kisha nikaona mukeka inatandikwa chini.

Donc tunamaliza muchezo yetu ya mwisho. Wewe kumi na saba, mimi kumi na sita, vile uliacha. Ile point ya mwisho nilibisha mpaka kwa kitanda yako ya hospitali, nawe ulicheka. Ilikuwa yako, yaya. Sitabisha tena. Na ninaahidi, nikiwa hai, tundu hii haitafungwa, hata nikate matete mimi mwenyewe.

Upande yako ataruka Furaha, juu hakuna mwengine anastahili. Atanipiga, na nitajivuna mpaka wanichoke.

Lala vizuri, rafiki yangu. Arbitre ameshapanguza miwani. Avenue yote inakuja siku ya yenga, Jumapili, misa yetu na sala yenu ya muchana zikiisha.