Mnara Uliouweka Kwenye Sinema

Wandera mwanangu,

Ni mimi baba yako. Mimi na kalamu unajua hatupatani, shule niliiacha mapema, lakini barua hii sikumpa mtu aniandikie. Ulizoea kuucheka mwandiko wangu. Cheka tu.

Tumekuzika nyumbani, ndani ya boma, karibu na mama yako. Wazee wa ukoo walitaka tukupeleke kando ya shamba, ati kifo chako ni kibaya, kuanguka kutoka kwa mnara wa simu na petroli mkononi. Nikawaambia hilo kaburi la kando wachimbe la kwao. Unanijua.

Kibanda chetu cha video hapa Malaba bado kimefungwa. Madereva wa trela wakingoja kuvuka wanapita wanauliza, "Mzee, ile sauti iko wapi?" Nasema umesafiri. Mpaka huu wote, na hata hao wa upande wa Uganda wanaojidai, hakuna aliyetafsiri sinema kama wewe, na maiki nilikununulia mimi. Wazungu wanaongea yao, wewe unaweka Kiswahili juu, na majina ya kwetu. Mwizi akikimbia unasema anaelekea Alupe, watu wanavunjika mbavu. Ndiyo kazi yenyewe. Sinema bila mahali petu haiuzi.

Halafu ikaja ile ya mashine. Mashine zinatawala watu kutoka kwa jumba refu la chuma, na watu hawajui wamefungwa. Wewe ukasema jumba lenyewe ni ule mnara wa simu nyuma ya ghala la mahindi. Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Lakini vijana wa benchi la mbele hawakucheka. Walirudi kesho yake, na kesho tena, kwa sinema ile ile. Na yule fundi simu aliyewaongoza, waliyemwita Komanda, akakuambia wewe hutafsiri, wewe unatabiri.

Neno hilo ndilo lilikupata. Nilikuona. Ukaacha mzaha. Ukaanza kuongeza mambo ambayo kwa sinema hayamo, na wao wakayashika kama amri. Simu yako ukaitupa chooni. Nilipokuuliza ukasema, "Baba, wewe mashine zimeshakuchukua." Mimi? Mimi niliyevuka mpaka huu kabla hawajaweka geti? Nani wa kunichukua?

Pasta anasema sinema ndiyo ilikuua. Chifu naye hataki nifungue tena. Mimi nabisha. Ile sinema nimeitazama kuliko mtu yeyote Busia nzima, na kila mara nilitoka nikitafuta ugali tu. Watu wangapi wameitazama wakaenda zao? Lakini nikikaa peke yangu, nabishana na nani? Komanda hangekuwa na la kusema kama sinema haikumpa. Na sinema haingekuwa na mnara wetu kama wewe hukuuweka. Lawama sijui niikate wapi, mwanangu. Sijui.

Siku ya kunyoa Komanda na vijana wake walikuja. Unajua desturi, kabla vichwa havijanyolewa lazima mwenye mji aseme mbele ya watu kilichomuua marehemu. Kabla sijainuka, Komanda akaomba nafasi. Akasema wewe ni askari wa kwanza wa vita, na damu yako itaamsha wengine. Vijana wakapiga vifua. Na Barasa, mlinzi wa mnara, alikuwa amekaa pale pale, mikono yote bendeji kwa ule moto mliouwasha mkitaka kuuchoma mnara. Alikuja kukulilia. Hakuna hata mmoja wao aliyemsalimia.

Nikasimama. Sauti unajua uliitoa kwa nani. Nikasema, "Mwanangu hakufa vitani. Hakukuwa na vita. Kulikuwa na hadithi ya kutungwa, na mlinzi maskini, na mtu mzima aliyetuma watoto wa watu wapande mnara."

Komanda akasema mzee amechanganywa na msiba, aketishwe.

Nikamuuliza, "Wewe siku hiyo ulipanda mpaka wapi?"

Watu wote walimtazama, naye akageuka kuwaita vijana wake waondoke. Kijana mmoja wa kwake akainuka, akaja upande wetu akanyolewa pamoja nasi. Mmoja tu. Wale wengine waliondoka na Komanda wao wakiimba jina lako.

Hapo ndipo nililia. Sikulia hospitali, sikulia kaburini, nililia wakiwa wanaenda na jina lako barabarani kama kitu chao. Sasa nasikia wameliandika ukutani kule Busia mjini, na watoto ambao hawakukujua wanalisoma.

Basi lala, baba. Lala pole pole. Ninakuahidi hivi: popote watakapokuita shujaa nitafika, hata kwa boda, na huu mgongo wangu. Nitawaambia Wandera aliogopa bata mpaka akaota ndevu. Nitawaambia alikuwa akioga anaimba, na ugali wa kuungua ndio aliupenda. Nitawaambia alikuwa na baba, na baba yake ni mimi.