Lile Goli la Ramazani

Kasongo, Jumapili, baada ya misa

Yaya wangu Musafiri, kaka yangu mkubwa,

Kabla sijauliza habari za mguu wa mama, kuna jambo nataka kulitoa, maana likibaki ndani sitaweza kuandika lingine. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika maungamo. Lilikuwa goli. Ramazani alifunga, na mimi niliona.

Sasa nikusalimu vizuri. Mama hajambo? Mguu umepungua kuvimba? Baba amemaliza kuvuna mpunga, au ndege wamemshinda tena mwaka huu? Mimi mwili hauna ugonjwa, ila nina hasira tangu wiki mbili, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yako. Barua uliyompa dereva wa lori la pamba imenifikia. Unaandika kwamba huko Kabambare watu wanagombana sokoni juu ya mechi yetu, na wewe umewafunga midomo kwa kuwaambia: "Mdogo wangu ndiye alikuwa kwenye mstari, anasoma sheria za mpira kwa Kifaransa, na hakuona goli." Yaya, nani alikutuma? Hukuniuliza kwanza.

Sikiliza ilivyokuwa. Sisi wa shule ya misheni timu yetu ni Nyota. Tai ni timu ya vijana wa mtaa wa Waislamu mjini, wale tunaowaita Wangwana. Mwamuzi ni padri mpya wa michezo, aliyefika kutoka Ulaya mvua zilipoanza. Huyo huyo ndiye anayefundisha Nyota. Hilo peke yake linatosha kumkasirisha mtu, lakini hakuna anayethubutu kulisema. Mimi alinipa drapo, kile kitambaa chekundu kwenye fimbo, kwa sababu sichezi na kile kitabu cha sheria nimekisoma chote. Akaniambia: mpira wote ukivuka mstari wa goli, inua. Magoli yetu hayana nyavu, kwa hiyo drapo ndiyo shahidi.

Mechi ilikaribia kuisha, hakuna aliyefunga. Ramazani, fundi cherehani ambaye baraza lake liko karibu na soko, akapiga. Mpira ukampita golikipa wetu, ukavuka chokaa, ndipo golikipa akajitupa na kuurudisha kwa mkono. Niliona majani mabichi kati ya mstari na mpira, upana wa kiganja changu. Padri alikuwa mbali, katikati ya uwanja, ameshika kanzu yake isimwangushe. Akanitazama.

Nyuma yangu walikaa wanafunzi wote. Kalonda, ambaye kitanda chake bwenini kinagusana na changu, akasema polepole: "Feliksi, nyanyua hiyo drapo uone. Leo utalala inje na mbuzi ya mapadri."

Sikuinua. Padri akafanya ishara mchezo uendelee.

Ramazani alinijia mbio. Hakunitukana. Alisema tu, "Mudogo wangu, uliona. Sema." Nikatazama miguu yangu. Basi akamgeukia padri, akaapa kama tunavyoapa sisi sote tangu utoto: akagusa udongo kwa kidole, akakilamba, akakipitisha shingoni, akakielekeza mbinguni. Nikisema uongo nife. Lakini padri hajui kiapo hicho. Aliona mtu anapitisha kidole shingoni mbele yake, akadhani anaambiwa atachinjwa. Akamfukuza uwanjani. Kesho yake akaandika karatasi kwa administrata, yule mzungu mkuu wa serikali hapa. Ramazani amekatazwa mechi zote zilizobaki, na kesho Jumatatu anaitwa ofisini aeleze kwa nini alitishia kumuua mzungu. Unajua watu wanavyoeleza pale. Fimbo kwanza, gereza baadaye.

Uwanja mzima ulijua kwamba kile ni kiapo, yaya! Golikipa wetu alijua, katekista alijua, hata watoto waliokuwa juu ya ukuta walijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Na mimi ninayejua Kifaransa cha kutosha kukieleza, nilikuwa nakunjakunja kitambaa.

Bwenini hawazungumzi kitu kingine. Wengine wanasema Ramazani alikuwa ameotea. Ameotea wapi, wakati mabeki wetu wawili walikuwa wamelala chini mbele yake? Jana mmoja alisema, "Hata kama iliingia, Mungwana hawezi kufunga goli siku ya misheni," na wote wakacheka, Kalonda akapiga makofi juu ya sanduku langu. Nilitamani kumtupia kitabu. Nilikifungua nikajifanya nasoma.

Ninyi wa Kabambare mtacheza na Nyota Jumapili ijayo, na mwamuzi ni yule yule. Waambie wenzako mtu yeyote asiape uwanjani kwa kidole. Na wewe rudi sokoni uwaambie ulikosea, na kwamba aliyekukosesha ni mimi.

Nisalimie baba, na mama umwambie asitembee kwenda mtoni. Nisalimie shangazi anayeuza mihogo, na shemeji, mke wako, aliyenitumia karanga; zimekwisha. Msalimie pia babu, baba yake mama, umwambie miwani bado naitafuta.

Nilitaka kufunga barua hapo, mchana. Sasa ni saa kumi, naongeza.

Nilikwenda kwa padri akiwa anakunywa kahawa. Nilisema kwa Kifaransa, na nilikisema vibaya, maneno yalikuwa yanaanguka. Nikamwambia mpira ulivuka na mimi niliuona. Halafu nikamwambia maana ya kile kidole. Akaweka kikombe chini. Akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikajibu niliogopa. Akauliza, "Uliniogopa mimi?" Nikasema ndiyo, na wenzangu pia. Akasukuma kikombe kando, uso mwekundu. Akasema karatasi ya administrata ataifuata mwenyewe leo leo, kabla ofisi haijafunguliwa kesho. Lakini matokeo hayabadiliki, yalishabandikwa ukutani, na kifungo cha mechi kinabaki, maana mchezaji hamwendei mwamuzi mbiombio. Nikasema hiyo si haki. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Akanionyesha mlango.

Sikurudi bwenini. Nilishuka mjini mpaka baraza la Ramazani. Washabiki wa Tai walikuwa wamejaa, wanabishana kama kawaida juu ya nani atacheza mahali pake. Waliponiona mmoja akasema, "Ona, drapo ya mapadri inatembea!" Wakacheka. Ramazani hakucheka, alikuwa anashona suruali. Nikasimama mbele ya cherehani yake. Nikamwambia padri amejua habari ya kiapo, anakwenda kuirudisha ile karatasi. Nikasema, "Na lilikuwa goli. Niliona, nikanyamaza."

Aliendelea kukanyaga mashine mpaka mshono ukaisha. Akakata uzi kwa meno.

"Sema tena," akasema. "Na sauti. Ba nyuma hawakusikia."

Nikageuka, nikawatazama wote, nikasema tena kwa sauti.

Mdogo wako,
Feliksi