Kibodi ya Zamani Msiiguse

Wanangu,

Tangu Jumapili ile baba yenu alipotutoka, kompyuta ya sebuleni, ile ya kutazamia sinema, haijawashwa. Leo asubuhi nimewasikia mkigombania ni kibodi ipi ndogo ya mkononi tuinunue, kama kuku na punje: huyu anataka yenye taa, yule yenye kipanya juu yake. Mafundi wangu! Baba yenu aliendesha sinema zote kwa kidole kimoja, kibodi pana kama sinia mapajani.

Nunueni yenye taa. Macho yangu mnayajua. ~~Ile ya zamani itupeni.~~ Ile ya zamani msiiguse. Herufi zake zimefutika kwa kidole chake.

Chai iko kwenye chupa. Nikitoka kazini tutamalizia sinema aliyoiacha katikati. Nitawasha mimi.

Mama yenu