Kinyozi Anayeijua Burundi Kuliko Mimi

Alhamisi, Runazi. Manyunyu tangu alfajiri. Maharage niliyoanika jana yamerudi ndani yakiwa yamelowa kuliko yalivyotoka.

Nina wivu. Nalisema mapema nisije nikajifanya nina jambo la heshima zaidi la kuandika.

Namwonea wivu Sabuni, kinyozi wa hapa senta. Sabuni ni mzaliwa wa Biharamulo, hajawahi kuvuka mpaka hata kwa bahati mbaya. Lakini ana redio na ana benchi. Tangu mabasi ya wakimbizi yaanze kupita tena, yeye ndiye mtaalamu wetu wa Burundi, na mimi niliyezaliwa huko nasubiri zamu ya kunyolewa.

"Kule mambo rahisi," huwaambia wateja. "Makabila mawili. Hili likipanda, lile linakimbia. Siasa yao yote ndiyo hiyo."

Watu huitikia kwa vichwa kama wamesomewa ripoti. Mimi nikijaribu kuongeza neno, maelezo yangu yana mashemeji wengi mno, na ugomvi wa chemchemi, na diwani aliyeoa vibaya. Dakika mbili tu wameshatoa simu.

Ningevumilia. Lakini juzi Devota, binti yangu wa kidato cha pili, yuko likizo, tukiwa tunapukuchua mahindi akaniuliza:

"Baba, Sabuni anasema kwenu kuna pande mbili tu. Sisi ni upande gani?"

Kwenu. Hakusema kwetu.

Miaka yote sijamsimulia. Nilidhani namkinga, kumbe niliacha nafasi, na mwenye redio akaijaza.

Sikumjibu habari ya upande. Nilimweleza kilima chetu. Tulikuwa na bashingantahe, wazee wa kuamua kesi, wa pande zote mbili hizo za Sabuni, wakikaa kwenye nyasi zile zile. Anayetaka kuwa mmoja wao huchunguzwa miaka, kisha siku ya kumsimika watu wote huulizwa kama kuna mwenye neno. Baba yangu alisimama mbele yao na koti la kuazima, pombe ya ndizi imeshaiva. Wazee wakauliza. Kisha mama akanyanyuka.

"Bado," akasema. "Akinywa hatunzi siri. Mpeni mwaka mmoja."

Wakampa mwaka mmoja. Pombe ikanywewa hivyo hivyo.

Devota alicheka mpaka gunzi likamtoka mkononi. "Bibi huyu huyu wa Nyamigogo?"

"Huyu huyu."

Sisemi watu hawakuuana. Waliuana, vinginevyo ningekuwa natafuta nini Runazi? Ila mtu anayeijua nchi kwa siku ilizoungua tu, haijui.

Basi leo nikaenda kunyoa.

"Karibu, baba Devota! Nikate nywele zote tatu, au tuache moja ya mbegu?"

Hayo nimeyazoea. Alipofika nusu ya kichwa akaligeukia benchi. "Mnamwona huyu? Mama yake aliangusha serikali!" Devota alipita jana hapa kwa Sabuni kuchaji simu, na hadithi yote ameiacha pale. Sabuni akasimulia. Katika hadithi yake mama alikuja na kibuyu, akampiga nacho baba kichwani mbele ya wazee.

"Hakumpiga!" nikasema.

"Baba Devota, usimpunguzie mama sifa."

Benchi zima likacheka. Na kinachoniuma ni kwamba anaisimulia vizuri kuliko mimi. Mama yangu mwenyewe, na bado anamjua kunizidi.

Ndipo mteja mmoja akauliza, "Sasa mwaka uliofuata, mzee alisimikwa?"

Sabuni akanitazama kwenye kioo. Hajui. Na hajui kwa sababu Devota hajui, sikufika huko.

Nikajivua kitambaa.

"Upande mmoja bado!"

"Ubaki."

Nilitembea na manyunyu yale, nywele upande mmoja, nimwahi Devota kabla Sabuni hajamtungia mwisho. Nilimkuta jikoni. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema.

Mwaka uliofuata hapakuwa na kikao. Mwaka uliofuata tulikuwa kambini Ngara, chini ya turubai, na wengi wa wale wazee hawakufika. Baba alizikwa huko huko Ngara. Mwaka wake mmoja haukuisha.

Devota hakuuliza tena upande. Aliniuliza polepole:

"Bibi alijuta?"

Sijui. Nimekula na mama sahani moja miaka yote hii, na sijawahi kumwuliza.

Jumapili tunakwenda Nyamigogo, mimi na Devota. Swali ataliuliza yeye. Mimi nitabeba sukari.