Zamu ya Mgeni

Jumatatu, 1 Julai

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka barabarani, mabasi yanapita hapa Maji ya Chai yamewasha taa asubuhi yote. Nimeshona sare mbili za shule. Ya tatu nimeifumua, kola ilikaa upande.

Mama Joshua amekuja kumchukua Mgeni. Kila Jumatatu huja yeye, zamu inaanzia kwake. Nimeshaingiza wimbo mpya wa tamasha, sauti zote nne nimeimba mwenyewe, hata besi, ambayo nikiiimba nasikika kama debe linaloburutwa. Amekunywa chai, amewasema majirani wote, kisha amemfunga Mgeni kwenye pindo la kanga akaondoka.

Miaka inakwenda. Huyo Mgeni ni ki-MP3 chekundu nilichokinunua Arusha mjini, kwa yule Mhindi ninayechukua vitambaa kwake. Kidogo kama kiberiti, kina vitufe na pa kurekodia. Kwaya yangu haisomi noti, inajifunza kwa sikio. Kwa hiyo kinalala kila usiku nyumba tofauti, majirani wanasikilizia hapohapo, asubuhi kinapelekwa mbele. Ijumaa Zakaria wa besi anakipandisha kwa Koko Elinasia, bibi yetu wa sauti ya pili, kule juu ya mfereji. Jumamosi Koko anashuka nacho mazoezini. Yeye ndiye aliyekiita Mgeni, kwa kuwa kila siku kinalala kwa watu.

Jumatano, 3 Julai

Neema ametuma mzigo kwa basi kutoka Dodoma. Smatifoni. Ameandika kikaratasi: Mama, achana na kile kidude, mambo yote yamo humu.

Nimeiweka juu ya meza nikaitazama. Kioo kitupu. Sioni pa kubonyeza.

Jumamosi, 6 Julai

Mazoezi. Joshua wa tenori, mtoto wa Mama Joshua, ana kibanda cha kava na chaja pale stendi, kwa hiyo yeye ndiye profesa. Amenifungulia grupu la kwaya palepale kanisani. Nitakuwa naimba, nabonyeza, wote wanapata. Hakuna tena kutembea na kidude kwenye matope. Vijana wamepiga makofi. Na mimi nilipiga, nisijitie utakatifu.

Koko Elinasia hana smatifoni. Ana kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, na kwake hakuna umeme. Ameuliza, huku anacheka na pengo lake, "Mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa huyu wenu wa kwenye kioo atapandaje kule kwangu?"

Tukasema kwa pamoja kwamba atapelekewa. Mtu atakwenda na simu, amsikilizishe. Akamtoa Mgeni kwenye kitambaa alichomviringishia, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nimemweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini.

Jumatatu, 8 Julai

Nimerekodi sauti ya pili ya ubeti wa mwisho. Nimebonyeza. Kabla sijavaa miwani tena, wote wameshapata. Najisikia kama waziri.

Nimeandika kwenye grupu: Nani atapanda kwa Koko wiki hii? Majibu yamekuja haraka. Dole gumba. Dole gumba. Dole gumba. Wote wamekubali, hata Zakaria wa besi ambaye kujibu salamu humchukua siku mbili. Nimefurahi.

Mama Joshua hakuja. Aje kufanya nini, kila kitu kiko kwenye simu. Nilikuwa nimeshabandika chai ya watu wawili. Nimeinywa yote, moyo umenienda mbio jioni nzima.

Alhamisi, 11 Julai

Simu hii ina kiherehere. Nikirekodi, inaita. Nikisikiliza, inaniletea tangazo la mikopo. Katikati ya sauti ya kwanza Neema alipiga kuniuliza kama naifurahia. Nikasema ndiyo. Na kweli naifurahia. Nimemwona mjukuu wangu anakula ugali Dodoma, kajipaka mpaka masikioni.

Ila kidole changu kikavu hakiitikiwi. Miaka yote ya sindano imeifanya ncha sugu. Napangusa mara tatu, inafungua kitu nisichokitaka.

Jumamosi, 13 Julai

Mazoezi ya aibu. Sauti ya kwanza wameimba kama wanawahi basi. Kumbe wenyewe wameona nimeimba polepole mno, wakaiongezea simu mwendo, wakajifunza hivyohivyo wiki nzima. Besi wako ubeti wa kwanza, wenzao wameshafika Amina. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Halafu nikakasirika. Tamasha ni tarehe 27.

Koko hakuja. Sauti ya pili bila Koko ni supu bila chumvi, inanyweka lakini unashangaa kwa nini. Nikauliza. Mmoja akasema nadhani yuko Kikwe kwa binti yake, wanavuna maharage. Mwingine akasema ndiyo, yuko Kikwe. Basi yuko Kikwe.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani hayupo. Nafasi yake kwenye benchi wameweka mwavuli.

Jumatatu, 15 Julai

Manyunyu tangu asubuhi. Hakuna mtu. Mteja mmoja tu, zipu.

Nimegundua kitu kisichonipendeza. Ile Jumatatu ya chai ndiyo ilikuwa siku pekee mtu anaingia ndani kwangu bila nguo ya kushonewa. Tangu mume wangu afariki na Neema aolewe, ni hiyo tu. Grupu limejaa maneno mpaka simu inapata moto. Nimeosha kikombe kimoja.

Jumatano, 17 Julai

Giza limeingia. Naandika hivyohivyo.

Umeme ulikatika tangu jana, simu ikazima. Nilitaka kusikia sauti ya pili huku napiga pindo, nikamtoa Mgeni kwenye droo. Kavumbi kidogo, lakini chaji ipo. Wimbo ukacheza ukaisha. Sikukizima, mikono ilikuwa kwenye kitambaa. Ikaanza sauti nyingine ambayo sikuiingiza mimi.

Ilikuwa ya Koko. Alibonyeza kitufe cha kurekodi bila kujua, ile Ijumaa ya mwisho Mgeni alipokuwa kwake. Jogoo anawika. Kiti kinavutwa. Anasema, "Haya Mgeni, karibu, kaa hapo. Leo sina kitu, nina maziwa mgando tu. Huyo mwalimu anataka tuimbe nini tena?" Halafu anakohoa, anaimba sauti ya pili taratibu, anakosea, anajisema, anarudia. Kisha sauti ya Zakaria mlangoni: "Koko, shikamoo, nilisahau simu yako, lete niichaji." Koko anamwambia asubiri chai.

Hapo ndipo nilipoelewa. Zakaria hakuwa anapeleka Mgeni tu. Kila Ijumaa alikuwa anashuka na kitochi cha Koko kukichaji kwake na kumrudishia; Mgeni asipopanda, na kitochi kinazima. Nikampigia kwa simu ya muuza duka: nani kapanda kwa Koko? Akasema, "Mwalimu, si alikwenda Mama Joshua?" Mama Joshua akasema, si alikwenda Joshua? Joshua akasema, si Zakaria?

Nikaacha mlango wangu wazi. Zakaria alinikuta kwenye mfereji na pikipiki yake, tukapanda wote.

Mlango umerudishiwa tu. Jiko baridi. Koko yuko chini, kati ya kitanda na ukuta, amejifunika gunia la kahawa. Aliteleza jana asubuhi akitoka kuchukua kuni, kifundo kikavunjika, akajivuta mpaka ndani. Kitanda kilimshinda kupanda. Kitochi kilikuwa mkononi, kimezima tangu wiki iliyopita. Kifua kinakoroma.

Alituona, akasema, "Mmekuja na Mgeni?"

Sikuwa naye. Nilimwacha juu ya cherehani.

Alhamisi, 18 Julai

Hospitali. Mguu umewekwa plasta. Kifua ndicho kinachowatia madaktari wasiwasi. Anapumulia mpira, ananyooshewa kijiko, anakikataa.

Binti yake amekuja kutoka Kikwe, analia. Maharage hawajavuna. Alijua mama anashinda na kwaya, mama ana watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hata Jumamosi ile Koko alikuwa nyumbani kwake, kule juu. Amemwambia binti: sikushuka, hakuna aliyenifundisha ubeti wa mwisho, ningesimama pale kama nguzo.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekasirika na kila mtu. Na simu. Nimeigeuza kifudifudi.

Halafu nimeigeuza tena, maana binti ananitumia habari za Koko kwa hiyohiyo. Simu haikukosa. Iliuliza swali langu kwa watu wote kama nilivyoitaka. Sisi ndio tuliojibu kwa vidole. Kidole hakipandi mlima.

Homa bado iko juu.

Jumamosi, 20 Julai

Hatukuimba. Tulikaa. Zakaria, mwanaume mwenye mabega ya kubebea mlango, alisimama akasema, "Mwalimu, mimi niliweka dole." Akakaa. Mama Joshua akasema na mimi. Wakasema wote, mmoja mmoja. Na mimi nikasema, kwa sababu niliyafurahia yale madole.

Vijana walitaka tujitoe kwenye tamasha. Nikasema tukijitoa, Koko atafufuka kwa hasira. Mama Joshua akaniuliza yuko wapi Mgeni. Nilikuwa naye mfukoni. Akaniomba. Amesema ataanzia wodini.

Jumatatu, 22 Julai

Koko amekunywa uji. Nusu kikombe, lakini ameshika kikombe mwenyewe. Nesi anasema homa inashuka. Nimekwenda nyuma ya jengo nikalia vizuri, kisha nikanawa uso bombani.

Mgeni yuko chini ya mto wake. Vitufe anavijua kwa kidole gumba bila kutazama. Ameniambia, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba kwenye ubeti wa tatu sauti ya pili nimeiweka chini mno, wanawake si magogo. Mgonjwa huyo anapona.

Jumamosi, 27 Julai

Tamasha. Kwaya kumi na kitu, sare mpya kila mahali. Sisi za zamani, pindo nimezishusha jana.

Zakaria alikuwa amechaji kitochi cha Koko akampelekea wodini asubuhi. Tulipopanda jukwaani Joshua akampigia kwa smatifoni yangu, akaishika mkononi kifuani muda wote, hivyo tenori akaimba bila kupiga makofi. Sauti ya kwanza hawakukimbia. Besi walifika Amina pamoja nasi.

Hatukushinda. Wa tatu. Nilichukua simu kumwambia. Alikuwa ameshasikia kila kitu. Akasema, "Sauti ya pili ilikuwa nyembamba. Nani alisimama pangu?" Nikamwambia hakuna, tulipaacha wazi. Akasema, "Upuuzi. Mngeimba huku mmeshikana."

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeshona sana, sikuandika. Koko ametoka hospitali, yuko Kikwe kwa binti yake mpaka plasta itolewe. Mama Joshua anakuja Jumatatu kama zamani. Mgeni anatembea. Nyimbo natuma kwenye grupu pia, sioni sababu ya kujinyima, Neema aliinunua simu kwa jasho lake. Lakini Mgeni anatembea, na Ijumaa Zakaria anampeleka Kikwe kwa pikipiki, anarudi na kitochi cha kuchaji, ingawa kule umeme upo. Anasema amezoea.

Jumapili, 11 Agosti

Jua la kwanza baada ya siku nyingi. Mlima umejitokeza wote mpaka juu. Nimeanika mablanketi.

Mchana mtu amebisha hodi. Sikutegemea mtu. Zakaria, amevaa shati la kanisani, amemshika Mgeni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu. Zamu yako."

Nikamwambia huo wimbo nimeuimba mimi mwenyewe, sauti zote nne, nisikilize nini? Akasema ametumwa. Koko amesema kuna nyumba moja tumekuwa tukiiruka miaka yote. Mgeni anaanzia pale, lakini hajawahi kubisha hodi pale kama mgeni.

Nikamwambia aingie. Amekaa kwenye kiti cha marehemu, hakujua, sikumwambia. Tumekunywa chai. Haongei sana yule kijana. Amenisifia maandazi, ameniulizia Neema, ameona mlango wa kabati umelegea, kesho atakuja na bisibisi.

Ameondoka jua likiwa bado juu. Nimevaa visikilizio vya Mgeni nikabonyeza. Ubeti wa tatu, Koko alisema kweli. Nimeshuka mno.

Vikombe viwili kwenye beseni. Nitaviosha kesho.