Vumbi la Safu ya Mbele

Jumanne, 3 Februari. Arua.

Mazulia ya ofisi tatu leo, zote Arua Hill. Nimemaliza kabla ya saa nane mchana. Pedi kumi na mbili za mashine, zile za duara za kitambaa zinazofuta zulia, kila moja nimeitumia pande zote mbili kisha ndooni. Pedi chafu haisafishi, inapaka. Wengi hawajui hilo. Mimi najua. Karani mmoja alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, kwa jinsi zulia lilivyopendeza. Nilifurahi sana.

Simu kutoka Koboko jioni. Watu wa msikiti wanataka zulia lao lisafishwe kabla ya mfungo. Zulia zima. Mimi Mkristo wa kwaya, na wameniita mimi. Hakuna zulia lililonishinda tangu nianze kutumia pedi.

Jumatano, 4 Februari.

Tumefunga mizigo. Shamimu, mwenzangu wa kazi, amepakia brashi zake za mashine, ngumu na laini. Nilimwambia aziache. Amepakia tu. Alijifunza kazi hotelini Juba, na huko kila kitu ni brashi. Mtu wa Koboko huyu, binti wa mwanajeshi. Ukimwambia hapana anasikia baadaye.

Sijawahi kumwambia kwa nini nazichukia. Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha brashi ngumu kwenye zulia la ofisi moja hapo mlimani, lile la nyuzi za vitanzi vifupi. Dakika kumi tu. Vitanzi vikakatika, vikasimama kama nywele za mtu aliyeamshwa. Walinitoa nje mbele ya watu. Wiki ile ile nikanunua pedi. Hiyo ni siri yangu na imekaa.

Alhamisi, 5 Februari. Koboko.

Mtunza msikiti ni mwanajeshi mstaafu. Wote wanamwita Afande, nami nimemwita hivyo. Anakagua ndoo kama anakagua bunduki. Tuanze na safu ya mbele, amesema, pale wanaposimama imamu na wazee. Kesho baada ya swala ya Ijumaa ataamua.

"Kama haiko safi, tunaleta watu ya Kampala."

Kampala! Watu watoke Kampala kuja kufuta vumbi letu la Koboko! Masikio yalinichemka. Nikapiga pedi kwa hasira. Zulia ni la kijani, nene, manyoya marefu. Tulipomaliza liling'aa. Shamimu amesema linang'aa juu tu. Wivu.

Ijumaa, 6 Februari.

Aibu. Niandike upesi yaishe.

Nilisimama nje na kitambaa kipya kichwani, nikingoja sifa. Wanaume wakatoka. Waliosali safu ya mbele walikuwa na doa jekundu kwenye paji la uso. Wote. Imamu pia. Wa safu za nyuma, ambazo sijazigusa, walikuwa na nafuu.

Afande akafuta paji lake kwa leso nyeupe, akanionyesha leso.

"Mama, hii ni nini?"

Nilijua ni nini: vumbi. Amenipa mpaka Ijumaa ijayo, na amenipa kwa sababu marehemu baba yake Shamimu alikuwa rafiki yake jeshini. Kwa hiyo Shamimu ndiye aliyeniokoa. Hilo limeniuma kuliko leso.

Jumamosi, 7 Februari.

Nimelaumu kiangazi. Vumbi la malori ya Sudan. Upepo. Sabuni. Nimemlaumu hata Afande kwa kusujudu kwa nguvu. Upuuzi mtupu.

Jumapili, 8 Februari.

Nilikwenda kanisa la hapa. Mahubiri hayakuniingia, nilikuwa naangalia mkeka wa madhabahuni.

Mchana nikaomba ruhusa, nikarudi msikitini swala ikiwa imepita. Nikapiga magoti safu ya mbele na kugawa manyoya ya zulia kwa vidole, kama nagawa nywele za kusuka. Chini kabisa, udongo mwekundu. Wa miaka. Pedi yangu haikufika huko. Iliteleza juu, ikaacha maji, na maji yalipokauka yakapanda na udongo mpaka kwenye ncha. Zulia la ofisi ni fupi, pedi inalimaliza. Hili si la ofisi.

Nilikuwa na ujuzi wa nusu zulia, nikajisifu kwa zima.

Jumatatu, 9 Februari.

Nimemwambia Shamimu: nionyeshe. Neno moja, na lilikuwa zito kuliko mashine. Hakunicheka. Afadhali angecheka. Alisema tu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaenda kuleta brashi.

Tulijaribu pembeni, nyuma ya kabati la misahafu. Ngumu kwanza. Manyoya yakaanza kutoka, nami nikamshika mkono kabla hajamaliza mzunguko wa pili. Hiyo naijua, nilimwambia. Akaivua kwenye mashine. Kisha laini, ya nailoni. Kavu, bila tone la maji. Manyoya yakasimama na vumbi likafumuka mpaka tukakohoa. Mashine ya kufyonza ilijaa mara nne kwa kona ile moja. Nilimwaga vumbi nje na kulitazama sana. Nilikuwa nimelipiga pasi badala ya kulitoa.

Jumanne, 10 Februari.

Umeme hakuna. Afande ameleta jenereta yake mwenyewe. Brashi kavu kutwa nzima. Mgongo wangu umekataa kuwa wangu.

Jumatano, 11 Februari.

Leo ni siku yangu.

Shamimu alitangulia na brashi laini na povu kidogo. Uchafu uliamka vizuri, lakini nikaona utarudi chini kabla hatujaufuta. Nikawasha mashine ya pili na kumfuata nyuma na pedi kavu. Yeye anaamsha, mimi nabeba. Pedi zilitoka nyekundu kama matofali, nikageuza, nikabadilisha, nikageuza. Shamimu alisimama akatazama. Amekiri kwamba hotelini Juba hawakufanya hivyo. Hilo ni langu. Najivunia, na sitaomba msamaha.

Safu zote kumi na nne. Kila wakati wa swala tulitoka nje, wakasali upande mkavu, tukarudi.

Alhamisi, 12 Februari.

Linakauka. Madirisha ya upande wa barabara tumeyafunga. Nilipopata nafasi nikainama safu ya mbele, nikaweka paji langu chini, nikalisugua sana, nikainuka. Shamimu akalikagua kama daktari wa hospitali ya Kuluva.

"Hakuna kitu, mama. Iko mafuta yako tu."

Bado naogopa. Ijumaa iliyopita pia nilijua nimeshinda.

Ijumaa, 13 Februari.

Msikiti ulijaa mpaka kibarazani. Safari hii sikuvaa kitambaa kipya. Nilisimama na ndoo mkononi kama mtu anayepita tu.

Wakatoka. Nikatazama mapaji tu, sikuona sura ya mtu. Imamu, safi. Mzee wa fimbo, safi. Kijana mrefu, safi. Kanzu nyeupe mpaka magotini. Nilihesabu mpaka machozi yakanivuruga hesabu.

Afande alitoka mwisho. Akachomoa leso, akafuta paji, akaitazama upande huu na upande ule. Kisha akairudisha mfukoni.

"Sasa iko safi. Watu ya Kampala wakae kwao."

Nilimwonyesha Shamimu kwa kidole. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia Afande kwamba brashi ni yake, na aliyejua mapema ni yeye. Nilidhani kusema hivyo kutanipunguza. Nilirudi kwenye mizigo nikitembea kifua mbele.

Jumamosi, 14 Februari. Arua.

Nyumbani Onduparaka. Mtaa mzima umekwenda kwenye mpira, kimya kizuri.

Nimemweleza Shamimu habari za ile ofisi ya mlimani. Vitanzi, dakika kumi, mlango.

"Ulitumia ile gumu?"

Ile ngumu, nilimjibu.

"Basi."

Amekunywa chai yake, ameenda kwake. Pedi nimezifua na kuzianika. Brashi laini nimeiosha kwa mikono yangu. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili pia. Ya tatu yakatoka meupe. Nimeilaza kibarazani ikauke.